Medea ya Callas: Historia ya Rekodi ya 1957

Mwezi Septemba 1957, jumba la opera la La Scala mjini Milan liligeuzwa studio. Viti vya watazamaji vilikuwa vitupu. Okestra ilikuwa mahali pake, kwaya mahali pake, na mbele ya maikrofoni alisimama mwanamke wa miaka 33 ambaye magazeti ya Ulaya na Marekani yalikuwa yakimwandika usiku na mchana, mara nyingi kwa ubaya. Huyo alikuwa Maria Callas. Aliyeongoza okestra alikuwa Tullio Serafin, mzee wa miaka 79, ambaye miaka kumi kabla ya hapo ndiye aliyeongoza onyesho lililomfikisha Callas mbele ya Wataliano kwa mara ya kwanza, katika uwanja wa kale wa Verona. Kuanzia tarehe 12 hadi 19 walirekodi Medea, opera ya Luigi Cherubini iliyoonyeshwa kwanza Paris mwaka 1797, kisha ikawekwa kando na majumba mengi kwa zaidi ya karne nzima.

Santuri zilizotokana na kazi ya wiki ile zilizunguka dunia. Watu ambao hawakuwahi kukanyaga Italia walimsikia Medea akilia sebuleni mwao. Historia ya rekodi hiyo inastahili kusimuliwa taratibu, kwa sababu inafundisha jambo ambalo sisi wapenzi wa muziki hulipita haraka: kazi ya sanaa, hata iwe bora namna gani, haijibebi yenyewe. Huhitaji watu wa kuipokea, kuitafsiri, kuikata, kuishona upya na kuipa sauti. Medea ilipita mikononi mwa wengi kabla ya kufika kwenye koo la Callas, na kila mkono uliacha alama.

Kisa cha Wagiriki

Kisa chenyewe ni kikongwe. Jason, mwana wa mfalme aliyedhulumiwa kiti cha baba yake, alitumwa akalete ngozi ya kondoo dume mwenye manyoya ya dhahabu kutoka Colchis, nchi iliyokuwa pwani ya mashariki ya Bahari Nyeusi, mahali ilipo Georgia ya leo. Alisafiri na mashujaa wenzake katika merikebu iitwayo Argo. Asingefanikiwa lau si Medea, binti wa mfalme wa Colchis, mjukuu wa mungu Jua, mjuzi wa dawa na uganga. Medea alimpenda mgeni yule. Kwa ajili yake alimsaliti baba yake, akashiriki kumwua ndugu yake wa damu, akaiacha nchi yake akijua kwamba hatarudi. Wakazaa watoto wawili wa kiume.

Walipofika Corinth, Jason aliona faida ya kumwoa binti wa mfalme Creon. Fadhila ya punda ni mateke. Medea, aliyempa ushindi, akaambiwa afungashe aondoke na asionekane tena. Aliomba siku moja tu ya kujiandaa, akapewa. Katika siku hiyo moja alimpelekea bibi harusi zawadi zilizotiwa sumu, binti akafa kifo kibaya. Kisha akawaua wanawe mwenyewe kwa kisu, ili Jason abaki duniani bila mke, bila mzao na bila jina.

Euripides alikipeleka kisa hiki jukwaani Athens mwaka 431 KK, na katika mashindano ya mwaka huo aliambulia nafasi ya tatu, yaani ya mwisho. Pengine waamuzi walishtuka. Tamthilia yake haimfichi Medea: mauaji yapo, na hayana udhuru. Lakini kabla ya mauaji, mwandishi anampa mwanamke yule nafasi ndefu ya kueleza hali yake. Anaeleza uchungu wa kuwa mgeni katika mji wa watu, wa kuishi kwa kutegemea neno la mume, wa kutokuwa na mama wala kaka wa kumkimbilia siku mambo yanapoharibika. Mtazamaji humwelewa kwanza, kisha humwogopa. Kila msanii aliyemgusa Medea baada ya Euripides amelazimika kuamua ataanza na lipi kati ya hayo mawili.

Kutoka Paris hadi Florence

Cherubini alizaliwa Florence mwaka 1760, lakini maisha yake ya kazi aliyajenga Paris. Maneno ya opera yake yaliandikwa kwa Kifaransa na François-Benoît Hoffman, na onyesho la kwanza lilifanyika katika jumba la Théâtre Feydeau tarehe 13 Machi 1797. Ufaransa ilikuwa ndiyo kwanza inatoka katika miaka ya damu ya mapinduzi. Watazamaji waliokaa mle ndani walikuwa wameishi katika mji ambamo watu walikatwa vichwa hadharani, na haikuwa lazima kuwafafanulia kisasi ni nini.

Katika umbo lake la asili opera hiyo ilichanganya nyimbo na maneno ya kusemwa, kama ilivyokuwa desturi ya jumba lile. Mzigo mkubwa ulikuwa wa mwimbaji mmoja. Medea akishaingia jukwaani, hapumziki sana: anabembeleza, anatukana, anaomba, anadanganya, anatetemeka mbele ya watoto wake, na anamaliza juu ya okestra inayonguruma. Wa kwanza kuubeba mzigo huo alikuwa Julie-Angélique Scio. Alifariki kwa kifua kikuu miaka kumi baadaye, na katika masimulizi ya waimbaji ikawa kawaida kusema kwamba Medea ndiye aliyemmaliza.

Watunzi wakubwa waliithamini kazi hiyo kuliko walivyoithamini wenye majumba. Beethoven alimheshimu Cherubini kuliko watunzi wengine wa zama zake waliokuwa hai. Brahms, vizazi viwili baadaye, aliiweka Medea kwenye kilele cha muziki wa jukwaani. Hata hivyo Paris iliiacha, na ni Wajerumani walioendelea kuionyesha. Mwaka 1855, mjini Frankfurt, mtunzi Franz Lachner aliyaondoa maneno ya kusemwa akayatungia muziki, ili opera nzima iimbwe kuanzia mwanzo hadi mwisho. Cherubini alikuwa ameshafariki miaka 13. Mwaka 1909 Carlo Zangarini aliyatafsiri maneno kwa Kitaliano, na tarehe 30 Desemba mwaka huo La Scala iliionyesha, Ester Mazzoleni akiimba nafasi ya Medea. Kisha kazi ikalala tena katika nchi alikozaliwa mtunzi wake kwa zaidi ya miaka 40.

Kwa hiyo kitabu cha muziki kilichomfikia Callas kilikuwa na historia ndefu: kisa cha Wagiriki, maneno ya Mfaransa yaliyogeuzwa Kitaliano, muziki wa Mtaliano aliyeishi Ufaransa, na viungo vya kati vilivyotungwa na Mjerumani. Anayesikiliza rekodi ya 1957 anawasikia wote hao kwa pamoja.

Mwanamke aliyefaa

Callas alizaliwa New York tarehe 2 Desemba 1923, wazazi wake wakiwa Wagiriki. Mwaka 1937 mama yake alimpeleka Athens, na huko ndiko Maria aliposomea uimbaji kwa Elvira de Hidalgo, soprano Mhispania aliyemfundisha namna ya kuimba tungo za zamani ambazo waimbaji wengi walikuwa wamezitelekeza. Sauti yake ilikuwa kubwa na nyeusi chini, kali juu, na katikati ilikuwa na ukungu fulani. Wapo waliosema wazi kwamba si sauti nzuri. Lakini ilikuwa sauti inayoweza kusema kitu, na kila neno lililotoka lilikuwa na sababu.

Aliyemfikiria kwa ajili ya Medea alikuwa Francesco Siciliani, mkurugenzi wa sanaa wa tamasha la Maggio Musicale la Florence. Callas alijifunza nafasi hiyo nzito kwa muda mfupi, na tarehe 7 Mei 1953, chini ya uongozi wa Vittorio Gui, akaiimba katika mji ule ule alikozaliwa Cherubini. Fedora Barbieri aliimba Neris, mjakazi mwaminifu wa Medea. Watu waliokwenda wakidhani watatazama kitu cha makumbusho walitoka wakiwa wametikiswa.

Habari zilifika Milan haraka, na La Scala ikaibadili ratiba ya msimu wake ili kuiingiza Medea. Victor de Sabata aliyepangwa kuongoza aliugua. Zikiwa zimebaki siku chache, kazi akapewa Leonard Bernstein, Mmarekani wa miaka 35, ambaye hapo akawa Mmarekani wa kwanza kuongoza okestra ndani ya jumba lile. Bernstein alikuwa na hofu ya kukutana na mwimbaji ambaye sifa zake za ukaidi zilikuwa zimemtangulia. Alitaka kuhamisha baadhi ya sehemu na kuukata wimbo mmoja wa Callas mwenyewe katika tendo la pili, kwa sababu aliona unapunguza kasi ya mchezo. Alisimulia baadaye kwamba Callas alielewa mara moja na akakubali. Waimbaji wanaokubali kupunguziwa wimbo ili hadithi iende vizuri ni wachache.

Onyesho la tarehe 10 Desemba 1953 lilirushwa na redio, na kanda zake zimebaki. Mlio wake ni hafifu na wenye mikwaruzo, lakini moto haukufifia. Bernstein anaisukuma okestra kama anayekimbizwa, na Callas anamjibu.

Ilikuwa pia katika kipindi hicho alipojipunguza mwili kwa zaidi ya kilo 30, jambo lililozungumzwa kuliko hata uimbaji wake. Maelezo yake mwenyewe yalikuwa ya kikazi: alitaka uso wenye mistari iliyochongeka, kidevu kinachoonekana, ili mtazamaji asome ukatili wa Medea kabla hajafungua kinywa.

Septemba ya dhoruba

Mwaka 1957 Callas alifanya kazi bila kupumua. Mwezi Julai alirekodi Turandot na Manon Lescaut, opera mbili nzito, moja baada ya nyingine, kwa kampuni ya EMI aliyokuwa na mkataba nayo. Mwezi Agosti alikwenda na La Scala kwenye tamasha la Edinburgh, akaimba La Sonnambula mara nne kama mkataba wake ulivyosema. La Scala ilikuwa imeongeza onyesho la tano. Callas, ambaye alikuwa amechoka na hakuwa amelisaini hilo la tano, akaondoka. Magazeti yakaandika kwamba ameikimbia kazi. Mambo yakazidi kuharibika pale alipoonekana Venice katika karamu ya Elsa Maxwell, mwandishi wa habari za matajiri. Ni kwenye karamu hiyo alipokutana na Aristotle Onassis, Mgiriki tajiri wa meli, na huo ukawa mwanzo wa sura nyingine ya maisha yake.

Onyesho la tano Edinburgh, tarehe 3 Septemba, liliimbwa na msichana wa miaka 23, Renata Scotto, na usiku mmoja ukamfanya maarufu. Siku tisa baadaye, rekodi ya Medea ilipoanza Milan, Scotto alikuwa mle ndani pia, akiimba Glauce, bibi harusi ambaye Medea anamwua kwa sumu. Anayejua habari hiyo hawezi kuisikiliza rekodi bila kuifikiria: mwanamke aliyeiacha nafasi na msichana aliyeichukua wamesimama katika jumba moja, mmoja akiimba mke aliyefukuzwa, mwingine akiimba mke mpya.

Wakati huo huo jumba la opera la San Francisco lilikuwa likimngoja. Callas aliomba aahirishiwe kwa sababu ya afya. Wakuu wa jumba, waliposikia kwamba anarekodi Milan, walivunja mkataba wake wote na kumshtaki kwa chama cha wasanii wa Marekani. Swali lao lilikuwa jepesi kueleweka: anayeweza kurekodi Medea anashindwaje kuimba? Wiki ile ya Septemba, kwa hiyo, Callas aliingia kazini akiwa ameelemewa pande zote, na madaktari walikuwa wamemtaka apumzike.

Rekodi yenyewe ilikuwa mradi wa Ricordi, kampuni ya Milan iliyoanzishwa mwaka 1808 na iliyochapisha kazi za Verdi na Puccini. Baada ya karne na nusu ya kuuza muziki ulioandikwa kwenye karatasi, Ricordi ilikuwa inaingia katika biashara ya santuri, na Medea ilikuwa miongoni mwa hatua zake za kwanza. EMI ilimruhusu Callas kufanya kazi nje ya mkataba wake. Marekani santuri zilitolewa na Mercury, Uingereza na Columbia. Tena ilirekodiwa kwa stirio, teknolojia iliyokuwa bado changa, ambayo kanda zake huhifadhi mlio katika njia mbili ili msikilizaji ajue nani yuko kushoto, nani kulia, nani mbele na nani nyuma.

Ndani ya rekodi

Opera inaanza katika maandalizi ya harusi. Wanawake wanaimba kumfurahisha Glauce, lakini Glauce ana hofu, na wimbo wake unasindikizwa na filimbi inayozunguka bila kutulia. Scotto anauimba kwa sauti safi ya ujana. Halafu wanasikika watu wakishtuka: kuna mwanamke mgeni mlangoni, amejifunika. Anaulizwa ni nani. Analitaja jina lake. Callas halipigi kelele. Analiweka chini mbele ya watu, zito, na ukimya unaofuata ndio unaotisha.

Baadaye unakuja wimbo wa kwanza wa Medea, anapomkumbusha Jason kwamba yeye ndiye mama wa watoto wake. Mwimbaji asiye makini angeuimba kwa hasira, kwa sababu tunajua mwisho wa hadithi. Callas anauimba kama mke anayeomba. Sauti yake inalainika, inapanda kidogo, inakatika anapokaribia kumsihi, na kwa dakika chache tunaamini kwamba Jason akinyoosha mkono tu, hakuna atakayekufa. Mirto Picchi, tenori anayeimba Jason, hanyooshi mkono. Hapo ndipo inapoonekana akili ya Callas: mauaji ya tendo la tatu ameyajenga hapa, katika maombi yasiyojibiwa.

Tendo la pili lina mahali ambapo Medea mwenyewe hana la kusema. Neris, anayeimbwa na Miriam Pirazzini, anamwahidi bibi yake kwamba atalia naye na kumfuata popote. Okestra inajishusha, na mbele yake inatoka basuni, zumari kubwa la mbao lenye sauti nzito ya kifuani, ikizungumza na mwimbaji kama mtu wa pili. Cherubini angeweza kuchagua fidla au filimbi kwa huzuni hiyo. Alichagua chombo ambacho watunzi wengi walikitumia kujaza sauti za chini tu, na huzuni ikapata uzito ambao filimbi isingeweza kuubeba. Serafin hauharakishi wimbo huo hata kidogo.

Mwisho wa tendo la pili ndipo stirio inapofanya kazi yake. Msafara wa harusi unaelekea hekaluni. Kwaya inasikika kwa mbali, tulivu, ikiwaombea maharusi baraka, na karibu nasi, karibu kabisa, yuko Medea akisema na nafsi yake. Kule wanaimba amani. Hapa mwanamke anahesabu. Wanaokaa kwenye kiti cha jumba la opera huona jambo hili kwa macho. Santuri ya 1957 ililifanya lisikike.

Tendo la tatu linafunguliwa na dhoruba. Watoto wanaletwa. Medea ana kisu mkononi, anawatazama, anakitupa na kuwakumbatia. Halafu anasikia vilio kutoka ikulu, sumu imeshafanya kazi, na hakuna tena njia ya kurudi. Callas anaifikia sehemu hii kwa sauti tofauti na ile ya mwanzo: imekauka, imeingia kifuani, haiombi chochote.

Ni haki kusema pia kasoro za rekodi hii. Noti za juu kabisa zinayumba, dalili ya uchovu uliokuwa ukimwandama Callas tangu kiangazi kile. Serafin anaongoza kwa heshima na mpangilio, na mara nyingine mpangilio huo unaupoza mchezo. Sehemu kadhaa za kazi ya Cherubini zimekatwa. Lakini kwa mara ya kwanza watu waliweza kuisikia kazi hii kwa mlio safi, kila chombo mahali pake, na kurudia sehemu moja mara kumi mpaka waelewe imejengwaje. Kanda za redio zilikuwa zimehifadhi tukio la usiku mmoja. Rekodi hii ilihifadhi opera.

Usiku wa Dallas

Miezi 14 baada ya rekodi hiyo, Callas aliimba Medea Dallas, Texas, katika kampuni changa ya opera iliyoanzishwa mwaka 1957 na Lawrence Kelly na mwongozaji Nicola Rescigno. Mkurugenzi wa mchezo alikuwa Alexis Minotis kutoka Athens, aliyebobea katika tamthilia za kale za Wagiriki, na mapambo ya jukwaa yalichorwa na Yannis Tsarouchis. Jon Vickers wa Kanada aliimba Jason, na Teresa Berganza, Mhispania kijana, aliimba Neris. Wakati wa mazoezi Minotis alimwona Callas akipiga magoti na kuigonga ardhi kwa viganja kuwaita miungu ya kuzimu. Alistaajabu. Ishara hiyo yeye na mkewe, mwigizaji Katina Paxinou, walikuwa wameifikiria kwa ajili ya tamthilia ya kale, na hakuwa amemwambia Callas lolote.

Tarehe 6 Novemba 1958, siku ya onyesho la kwanza, ilifika simu ya maandishi kutoka New York. Rudolf Bing, meneja mkuu wa Metropolitan Opera, amevunja mkataba wa Callas. Walikuwa wamebishana kuhusu ratiba: Bing alitaka aimbe Macbeth na La Traviata kwa kupokezana ndani ya siku chache, na Callas alisema sauti si lifti ya kupandishwa na kushushwa. Jioni ile aliingia jukwaani akiwa amefukuzwa kazi na jumba kubwa kuliko yote nchini alikozaliwa, na alichotakiwa kuimba kilikuwa hadithi ya mwanamke aliyefukuzwa.

Kanda za Dallas zipo, na mlio wake hauwezi kulinganishwa na wa Milan. Lakini zikisikilizwa baada ya rekodi ya studio, mtu anaelewa maana ya jukwaa. Maombi ya tendo la kwanza yana machozi zaidi, na hasira ya mwisho haina breki. Tena Medea huyu ana ubinadamu zaidi ya yule wa Florence. Callas mwenyewe alieleza kwamba mwanzoni alimwona kama mtu wa jiwe, mshenzi ajuaye tangu mwanzo anachokitaka, na kwamba kadiri miaka ilivyokwenda alimwona kama mwanamke aliyekosewa.

Miaka ya mwisho, na baada yake

Mwezi Agosti 1961 Medea wa Callas na Minotis alisimama Epidaurus, katika uwanja wa mawe uliojengwa karne ya nne KK, ambako maelfu hukaa chini ya anga na kumsikia mtu akisema bila kipaza sauti. Kisa kilikuwa kimezunguka Paris, Frankfurt, Milan na Texas, kikarudi Ugiriki kwa lugha ya Kitaliano.

Desemba mwaka huo ilikuwa zamu ya Milan tena. Sauti ya Callas ilikuwa imechoka waziwazi, na katika tendo la kwanza baadhi ya watu wa ghorofani walianza kumzomea. Maneno ya opera yanamtaka Medea amwite Jason mkatili, mara mbili. Thomas Schippers aliyekuwa akiongoza okestra alisimulia kwamba Callas aliimba la kwanza, akanyamaza, akageuka, na la pili akawaimbia watazamaji uso kwa uso. Wakanyamaza. Tarehe 3 Juni 1962 aliimba Medea La Scala kwa mara ya mwisho, na hakuimba opera nyingine yoyote katika jumba hilo mpaka alipofariki Paris tarehe 16 Septemba 1977. Mwaka 1969 Pier Paolo Pasolini alimchukua kuigiza Medea katika filamu. Humo haimbi kabisa. Uso alioutafuta tangu 1953 ndio unaosema.

Urithi wa rekodi ya 1957 una pande mbili, na zote zitajwe. Upande mmoja, umbo lililowekwa kwenye santuri, la Kitaliano, lenye viungo vya Lachner, lilikaa vichwani mwa watu kiasi kwamba wengi walidhani hiyo ndiyo kazi aliyoiandika Cherubini. Wanamuziki wamelazimika kurudi kwenye Kifaransa cha Hoffman na maneno ya kusemwa ili kuonyesha jinsi Paris ya 1797 ilivyoisikia, na kazi hiyo ni ya lazima. Upande wa pili, bila Callas na bila santuri zile, kusingekuwa na wengi wa kuuliza Cherubini aliandika nini. Metropolitan Opera, jumba lile lile lililomtimua siku ya Medea wa Dallas, ilifungua msimu wake tarehe 27 Septemba 2022 kwa Medea, Sondra Radvanovsky akiimba. Ilikuwa mara ya kwanza opera hiyo kuonyeshwa pale, na iliimbwa kwa Kitaliano, katika umbo ambalo Callas alilifanya lijulikane.

Anayetaka kuijua opera hii aanze na rekodi ya Milan, kwa sababu humo muziki unasikika kwa mlio safi, na baadaye atafute kanda za Dallas. Ayafanye hayo akikumbuka kwamba Callas hakumpunguzia Medea hata dhambi moja. Kila mauaji yapo na kila kisu kiko mahali pake. Alichokifanya ni kumrudishia maombi yake ya mwanzo, akayaimba kwa ukweli kiasi kwamba tunapofika mwisho hatuwezi kumshangaa Medea bila kumuuliza Jason, na Creon, na mji mzima uliocheza harusi ile, walikuwa wapi alipokuwa bado anaomba.